Kiganja Juu ya Mashine

Mafundi wengi wa mashine za boti wana vibao. Kuna aliyechora nanga, kuna aliyeandika namba tatu za simu na kumtaja Mungu juu yake ili wateja wasiwe na wasiwasi. Yeye hakuwa na kibao. Karakana yake ilikuwa banda la mabati nyuma ya gati, lenye meza moja iliyolowa oili, boriti ya kuning'inizia mashine, na pipa la maji karibu na mlango. Ukiuliza njia, mtu yeyote alikunyooshea kidole. Chema chajiuza, na yeye alijiuza kwa mkono wake wa kulia. Walimwita Kiganja.

Jina lilitokana na tabia yake moja. Mashine ya boti hupozwa na maji yale yale inayoyapita. Pampu yenye mabawa ya mpira huyavuta kutoka chini, yakapanda, yakazunguka silinda, yakatoka. Kidogo kati ya hayo hutoka kwenye tundu la pembeni, mkondo mwembamba, na watu wa gatini wakiuona husema mashine inakojoa. Mafundi wengine wakishaona inakojoa hufunga kifuniko na kumwita mwenye mali. Kiganja aliwacheka. Alisema mtu anaweza kukojoa vizuri kabisa na huku homa inamuua. Kwa hiyo kila mashine aliyoitengeneza aliiwasha ikiwa ndani ya pipa, akaiacha ingurume mpaka moshi ujae banda, kisha akaweka kiganja juu ya vichwa vya silinda, cha chini kwanza, cha juu baadaye. Mkono ukivumilia, mashine ni nzima. Mkono ukiruka, mashine inarudi mezani. Wenye boti walikuwa wakisimama mlangoni kumtazama usoni, hawana haja ya kutazama mashine. Akitulia, wanakwenda kupakia.

Mkono huo sasa ulikuwa umekufa, na aliyejua ni yeye peke yake.

Sukari ilimwanza miguuni. Muuguzi alimwambia azitazame nyayo zake kila siku kwa macho, maana zikiumia hazitamwambia. Alizitazama. Alikuwa mgonjwa mtiifu kwa upande wa miguu. Hakuna aliyemwambia kuhusu mikono, na ilipoanza kufa ganzi naye hakumwambia mtu. Nati zilimponyoka akajua kwa mlio wake sakafuni. Siku moja mkewe alimwona akiinua mfuniko wa sufuria jikoni bila kitambaa, akacheka, akasema fundi chuma naye amekuwa chuma. Akacheka pamoja naye, kicheko kirefu kuliko mzaha wenyewe.

Alijipima kwa siri kwa kikombe cha chai ya moto. Vidole havikusema kitu. Lakini katikati ya kiganja kulikuwa na joto kidogo, la mbali, na hilo likamtosha. Hayo yalikuwa kabla ya mvua. Mvua zikaja zikaenda, hakujipima tena, kwa sababu mtu anayeliogopa jibu hujifanya amesahau swali. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kifo cha nani.

Basi, mdogo wake akamletea mashine.

Mdogo wake huyo watu walimwita Nahodha, kwa utani mwanzoni, kwa sababu tangu utoto alikuwa akisimama mbele ya boti lililofungwa gatini na kutoa amri kwa bata. Wazazi walikufa yeye akiwa hajaota meno ya ukubwani, na Kiganja ndiye aliyemlea, ndani ya banda lile lile, akimlaza juu ya majaketi ya kuokolea maana ndiyo yaliyokuwa godoro. Alipooa, Kiganja alimpa mashine ya kwanza aliyowahi kuifungua maishani mwake, kongwe, rangi ya kifuniko imekwisha, lakini inawaka kwa mvuto mmoja. Kwa mashine hiyo Nahodha alivusha mizigo kwenda ng'ambo miaka yote, akajenga, akapata binti. Boti lilikuwa na injini moja tu na kasia moja. Ng'ambo ni mbali, na katikati ya njia kuna rasi yenye miamba ambako upepo wa mchana husukuma kila kitu kuelekea mawe. Mashine ikizimika hapo, kasia moja ni sawa na kijiko. Hilo kila mtu gatini alilijua, na Kiganja kuliko wote.

Mashine ilikuwa imeanza kunuka moto na kukojoa kwa kusitasita. Kiganja alifungua pampu akakuta mabawa ya mpira yamekauka na kukatika. Matatu hayakuwepo. Mawili aliyakuta yamelala ndani ya nyumba ya pampu. La tatu hakuliona. Kipande cha mpira kikikatika hakipotei hewani. Ama kimetoka nje na maji, ama kimepanda juu na kukwama kwenye njia nyembamba za silinda. Alipuliza bomba kwa kompresa, akachokonoa kwa waya, hakikutoka kitu. Kulitafuta zaidi kulitaka kufungua kichwa cha silinda, na bolti zake zilikuwa zimeliwa na kutu, zikiguswa zingekatikia ndani. Nahodha naye alikuwa na mifuko ya saruji imepangwa gatini, mjenzi wa ng'ambo anamngoja.

Kiganja akajiambia kwamba bawa limetoka na maji siku nyingi. Kama halikutoka, silinda itachemka, na ikichemka kiganja kitasema. Alifunga pampu mpya, akaishusha mashine pipani, akavuta kamba. Ikawaka kwa mvuto mmoja.

Ilikojoa vizuri. Mkondo ulipiga ukingo wa pipa bila kukatika, na Nahodha, aliyekaa juu ya dumu akila muhogo wa kuchoma, akashangilia kwa mdomo uliojaa. Moshi ukajaa. Kiganja alingoja kama alivyongoja siku zote, hakukata muda hata kidogo, hilo lazima lisemwe kwa haki yake. Kisha akanyoosha mkono.

Aliuweka kichwa cha chini. Hakusikia kitu. Akauhamishia cha juu. Hakusikia kitu. Akaukandamiza, akitafuta lile joto la mbali la kikombe cha chai, maana hata mashine nzima huwa na uvuguvugu, na uvuguvugu ulipaswa kuwepo. Hakuupata. Akakandamiza zaidi, akauacha hapo, muda mrefu kuliko alivyowahi kuuacha juu ya mashine yoyote. Jasho lilimtoka. Alijua kwamba hajui, na pipa la maji lilikuwa hapo hapo magotini pake. Angechovya kidole na kudondosha tone moja juu ya chuma, lingemweleza yote. Lakini tone ni la mafundi wengine, na mlangoni mdogo wake alikuwa akimtazama usoni.

Nahodha aliacha kula. Alimwona kaka yake ametulia, kiganja kimelala juu ya mashine, na uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Leo umeilaza kabisa, kaka, haina homa tena," alisema. "Ngoja na mimi niiguse, nipate baraka."

Akanyoosha mkono wake. Ulifika karibu kabisa, kiasi kwamba Kiganja aliona unga wa muhogo kwenye kucha. Hapo kulikuwa na njia ya kutokea, nyepesi kuliko zote, haikutaka hata neno. Angemwacha tu aguse. Badala yake akaupiga ule mkono kando, kama alivyokuwa akiupiga ulipokuwa mdogo na kunyemelea sukari mezani.

"Tangu lini mgonjwa akajipima homa mwenyewe?" alisema. "Kapakie saruji yako. Mashine nzima."

Nahodha alicheka mpaka akapaliwa. Walizima mashine, wakaibeba wawili hadi botini, wakaifunga. Kiganja alimsaidia kupakia. Bonge, mwenye boti la samaki lililofungwa jirani, mtu mnene wa mwili na wa maneno, alimwambia Nahodha agawe mzigo safari mbili kwa sababu upepo unaanza mapema siku hizi. Nahodha akajibu kwamba huo ndio mzigo wake wa siku zote, na mashine imeshikwa na Kiganja mwenyewe, sasa hivi, mbele ya macho yake. Bonge akakubali kwamba kama ni hivyo hana la kusema, ingawa aliendelea kusema. Boti likaondoka. Kiganja alisimama gatini akautazama mkondo mwembamba wa maji ukitoka pembeni ya mashine mpaka hakuuona tena.

Nyumbani mkewe alikuwa amepakua. Alimmiminia maji anawe, akampa kipande cha sabuni na brashi kwa ajili ya grisi. Kiganja alinawa huku akizungumza jambo la paa linalovuja. Mkewe akaacha kumimina.

"Umeshika nini, baba?"

Akatazama. Grisi ilikuwa imetoka, na chini yake kiganja chote kilikuwa kimeumuka malengelenge makubwa meupe, kutoka chini ya vidole mpaka karibu na kifundo. Katikati ngozi ilikuwa imeshachubuka kwa brashi na maji yalikuwa yakitoka. Jeraha lenyewe lilionyesha umbo la kichwa cha silinda na alama mbili za mviringo za bolti. Hakikumuuma hata kidogo.

Mkewe alikimbilia maji baridi. Aliporudi, mumewe hakuwepo, na viatu vyake vilikuwa bado mlangoni.

Alikimbia peku kwa ile miguu aliyoambiwa aitunze. Alipiga simu ya Nahodha akiwa njiani, ikamwambia mtu huyo hapatikani. Akapiga tena gatini, ikamwambia hivyo hivyo. Upepo ulikuwa umeshaamka na maji yalikuwa yamegeuka rangi. Alimkuta Bonge anashona wavu, akamwambia awashe boti. Bonge aliuliza kuna nini. Akamwambia mashine ya Nahodha itazima. Bonge akamkumbusha kwamba aliishika mwenyewe, na Kiganja akarudia kwa sauti ya chini kwamba itazima, awashe boti. Bonge aliuona mkono, akafungua kamba bila kuongeza neno.

Walilikuta boti kwenye miamba ya rasi kabla jua halijazama. Lilikuwa limejaa maji, tezi, upande wake wa nyuma, juu, saruji imeshalivuta upande mmoja, na ile mashine kongwe imening'inia mahali pake. Kamba ya kuwashia haikuwemo. Nahodha walimkuta kwenye maji ya magoti kati ya mawe mawili, amelala kifudifudi, na kishikio cha kamba kilikuwa bado kwenye vidole vyake pamoja na kipande cha kamba iliyokatika.

Kiganja aliusoma mkasa wote kutoka kwenye kile kipande. Mashine ilikuwa imegandamana, na mdogo wake aliendelea kuivuta. Nanga ilikuwa botini, imekunjwa vizuri na kamba yake, haijaguswa. Mtu mwenye shaka na mashine yake angeitupa nanga mara ya kwanza ilipozima, akangoja boti jingine lipite. Nahodha hakuwa na shaka yoyote. Alivuta na kuvuta, akijua kwamba mvuto unaofuata utaiwasha, kwa sababu kaka yake alikuwa ameilaza kabisa. Akavuta mpaka akafika kwenye mawe.

Walimzika kesho yake. Mkewe Kiganja alikuwa amemfunga mkono kwa bendeji, na msibani watu walipoiona walishusha sauti kwa heshima. Habari ilikuwa imeshaenea kwamba aliumia akimvuta mdogo wake kutoka mawe. Hakuisema yeye. Hakuikanusha pia. Walimshika mkono wa kushoto, wakampa pole, wakamwambia amefanya alivyoweza na siku ya mtu ikifika imefika.

Kisha walikaa nje ya nyumba ya marehemu, chini ya turubai, na kama watu wakaavyo, walianza kutafuta sababu. Mashine haikuwa na kosa, hilo lilikubaliwa mapema na wala halikujadiliwa, kwa kuwa Kiganja aliishika. Basi ilibaki saruji. Bonge alieleza, kwa huzuni ya kweli na kwa urefu, jinsi alivyomwambia agawe mzigo. Mmoja akatikisa kichwa akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwingine akasema tamaa. Lile neno aliloambiwa Bonge gatini, kwamba mashine itazima, halikutajwa na mtu, hata na Bonge mwenyewe. Huenda alilichukulia kuwa hofu ya ndugu. Siku ya pili neno tamaa lilikuwa limekaa kama mgeni asiyeaga, na kila aliyekuja alilikuta hapo akaketi nalo.

Jioni ya siku hiyo Kiganja alikwenda bandani, akafunga mlango. Mashine ilikuwa imeletwa kwa boti la Bonge. Alikata bolti zilizooza moja moja kwa msumeno, kazi aliyoikimbia mara ya kwanza, akakibandua kichwa cha silinda kwa patasi. Pistoni ya juu ilikuwa imeyeyuka ubavu na kushikana na ukuta. Kwenye njia ya maji inayoelekea silinda hiyo, bawa la tatu lilikuwa limejikunja na kuziba, dogo, halizidi ukucha wa kidole gumba. Maji yalikuwa yakifika kwenye tundu la pembeni bila taabu, yakikojoa mbele ya watu, na juu hayapandi. Alilichomoa kwa koleo. Alikaa nalo sakafuni, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, mdomo wazi, akimwita mdogo wake kwa jina la utotoni. Baadaye akalitia mfukoni mwa shati, akarudi msibani. Watu walimpisha kiti.

Mjane alimwita siku ya tatu. Alikuwa katika chumba chao, amekaa ukingoni mwa kitanda na nguo za mumewe zimekunjwa mapajani. Dirisha lilikuwa wazi na mazungumzo ya nje yalisikika bila kutega sikio. Alimwonyesha kigoda. Alikuwa mwanamke mwenye maneno machache tangu zamani, na msiba ulikuwa umeyapunguza zaidi.

"Binti yangu ameniuliza tamaa ni nini," alisema. "Amelisikia hapo nje."

Kiganja akainamisha kichwa.

"Mzigo ule ameubeba mara nyingi, shemeji. Ule ule. Mifuko ile ile. Wewe umemwona." Akaweka nguo kando. "Nakuuliza wewe kwa sababu sina mwingine wa kumuuliza. Uliishika mashine?"

"Niliishika."

"Ilikuwaje?"

Huko nje Bonge alikuwa akianza tena tangu gatini, na mtu mmoja alimwitikia kwa masikitiko. Kiganja angeweza kusema ilikuwa nzima. Neno lilikuwa tayari mdomoni, lilishasemwa na wote, na mwanamke huyu angelipokea kama alivyopokea mengine, akabaki na mume mwenye tamaa. Angeendelea kuwa Kiganja mpaka siku ya kufa kwake. Aliwaza kwamba Nahodha, kama angekuwepo, angemtazama usoni tu, angoje atulie.

Alitoa kile kipande cha mpira mfukoni, akakiweka kwenye kitanda kati yao, akamweleza ni nini na kilikuwa wapi. Kisha akaanza kuifungua bendeji. Ilikuwa imeganda, akaivuta pamoja na ngozi. Akageuza kiganja juu, akamwambia kwamba hakuunguzwa na mawe wala kamba wala maji. Aliungulia bandani, asubuhi, mdogo wake akimtazama. Alimwambia mashine ilikuwa inachemka, naye aliukandamiza mkono juu yake na hakusikia. Ni miezi sasa hasikii. Alimwambia pia kwamba mumewe alitaka kuigusa na yeye akaupiga mkono wake kando. Hilo la mwisho lilimtoka kwa shida kuliko yote.

Mjane aliutazama mkono kwa muda. Hakulia na hakumtukana. Aliushika kwa mkono wake wa kushoto, akauvuta karibu, na kwa kidole gumba cha kulia akalikandamiza lile donda katikati, palipokuwa pabichi. Alikandamiza kwa nguvu zake zote, ukucha ukazama, maji na damu vikamchuruzika mpaka kifundoni. Macho yake hayakuwa kwenye donda. Alikuwa akimtazama usoni, akingoja.

Uso wa Kiganja ulikuwa umetulia.

Mjane aliuachia mkono. Akafuta kidole chake kwenye shati la marehemu, taratibu, akalikunja tena shati na kulirudisha juu ya mengine.

"Kawaambie," alisema.

Kiganja akanyanyuka. Aliacha bendeji sakafuni, akachukua kipande cha mpira, akatoka. Chini ya turubai Bonge alikuwa amefika pale alipomwonya Nahodha kuhusu upepo. Alipomwona alikatiza hadithi, akasogea, akapangusa kiti kwa kiganja chake.

"Njoo ukae, Kiganja," alisema.

Kiganja hakukaa.